Mkono Wangu na Maziwa ya Mwende

Sifa zote ni zake Mungu, aliyeniamsha asubuhi ya leo nikiwa na akili timamu na magoti yanayouma kidogo tu. Kwa miaka zaidi ya thelathini aliniweka kazini miongoni mwa wagonjwa, akanitoa nikiwa mzima, na hakuniacha hata siku ambazo nilistahili kuachwa. Kwa hayo namshukuru kabla sijasema neno lingine.

Binti wa jirani yetu hapa mtaa wa Satellite, Nairobi, anasomea uuguzi. Jumapili iliyopita, watu wakiagana nje ya kanisa, alinivuta kando. "Guka," akaniambia, kama Wakikuyu wanavyomwita babu, "nimepelekwa ICU ya watoto. Sindano siogopi. Naogopa hizo mipira za kulisha."

Nilicheka, naye akadhani namcheka yeye. Sivyo, binti yangu. Nilikuwa nikijicheka mwenyewe, kwa kuwa niliingia wodi hiyo nikiwa na nywele za mvi na sikuogopa chochote, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Basi nimeketi nikuandikie wewe na wenzako. Si somo la darasani, maana walimu wenu wanajua mengi kuliko mimi. Haya ni ya kuongezea, kama chumvi.

Mpira ninaosema, kwa msomaji asiyeujua, ni mrija mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni. Mtoto aliyelala kwenye mashine ya kupumulia hawezi kumeza, lakini ana njaa kama mtoto mwingine yeyote, na mwili usiokula haupigani na ugonjwa. Kwa hiyo tunamimina maziwa kwenye mpira huo. Ukiutazama unaonekana kitu kidogo, chepesi kuliko kamba ya kiatu. Nimeona watu wakiogopa mashine kubwa zenye taa na milio, kisha wakaushika mpira huo kama uzi wa kushonea.

Nilipohamishiwa huko nilikuwa nimefanya kazi katika wodi za watu wazima kwa miaka ishirini. Msimamizi wa ICU ya watoto alikuwa Sista Wambui. Alizaliwa Riruta, katika shamba la babu yake ambalo siku hizi limejaa fleti, na alikuwa na umri sawa na mdogo wangu wa mwisho. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa na mwongoza kwaya. Nilidhani nimepelekwa kumsaidia binti mdogo. Mungu ana ucheshi wake.

Siku ya kwanza nilipitisha mpira kwa mtoto mmoja, nikaweka hewa kidogo kwa sirinji, nikasikiliza tumbo kwa kifaa cha masikioni, nikasikia mlio, nikatabasamu. Ndivyo tulivyofundishwa zamani. Tena mimi, mtu wa kwaya, nilijivunia masikio yangu.

Sista Wambui alikuwa nyuma yangu.

"Mzee, umejuaje iko kwa tumbo?"

"Nimesikia, Sista."

"Umeskia nini?"

"Hewa. Inalia kama uji ukianza kuchemka."

"Na ikiingia kwa mapafu, italia aje?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo.

"Huyu ni mtoto, Mzee. Kifua yake ni kama gitaa. Ukigonga hapa inalia kote." Akatoa karatasi ndogo ya kupimia asidi. "Vuta maji ya tumbo, tone moja tu, weka hapa, linganisha rangi. Tumbo iko na asidi. Karatasi haina kwaya."

Wauguzi wenzangu walicheka hadi mmoja akalazimika kutoka nje. Nilivuta tone, nikaligusisha karatasi, rangi ikatoka nzuri. Mpira ulikuwa tumboni. Lakini aliniambia kwamba kuwa sahihi kwa bahati ni kitu cha hatari sana, kwa sababu kunakufanya urudie.

Kisha akaniambia neno ambalo ndilo lililonifanya nimheshimu kuanzia siku ile. "Hata mimi nilifundishwa hiyo ya kuskiza. Nikaifundisha wengine. Nilipojua si salama, nikawapigia simu mmoja mmoja, nikawaambia waache." Hebu fikirini, wanangu. Ni viongozi wangapi mnaowajua ambao wamewahi kuchukua simu kumwambia mtu kuwa walimfundisha vibaya?

Nilijifunza kwake mambo mengi madogo. Tone lisipopatikana, usiukoroge mpira kwa hasira. Mgeuze mtoto alalie ubavu wa kushoto, ngoja kidogo, jaribu tena. Ikiwa mtoto anapewa dawa ya kupunguza asidi, karatasi inaweza kukudanganya, na ukiwa na shaka yoyote, maziwa yangoje eksirei. Mtoto hafi njaa kwa kungoja saa moja, ila anaweza kufa kwa kijiko kimoja cha maziwa kilichoingia mapafuni. Andika ile namba ya sentimita iliyochapwa kwenye mpira pale unapotokea puani, na kila zamu inapobadilika soma namba hiyo kwa sauti, wote wawili mkiitazama. Mtoto akikohoa, akigeuzwa, akivutwa makohozi, mpira husafiri bila kuaga.

Halafu kuna plasta. Kila muuguzi mgeni, Sista Wambui alimbandika plasta puani pamoja na kipande cha mpira kilichokatwa, akakaa nacho zamu nzima. Nami alinibandika. Nilidhani ni mzaha, lakini alikuwa ameuvuta mpira juu kidogo, ukasukuma ncha ya pua kama ndoano. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa natoka machozi. Mlinzi wa langoni aliniuliza, "Mzee, umelazwa ama unafanya kazi?" Jioni nilipotoa, ndani ya pua palikuwa pekundu. Tangu siku ile sijawahi kuufunga mpira wa mtoto ukielekea juu. Nafunga ukining'inia chini kwa utulivu, na kila siku nachungulia ngozi ya pua, maana mtoto mwenye mpira wa kupumulia mdomoni hana sauti ya kukuambia kwamba pua inachubuka.

Na vichekesho havikukosa. Baba mmoja kijana kutoka Kilimani alileta maji ya parachichi na mboga za kijani katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha mbao. Alisema ameagiza kwa simu na yana virutubisho vyote. Nikamwonyesha tundu la mpira, nikamuuliza kama angeweza kunywa parachichi kwa mrija wa kalamu. Alicheka, akanipa chupa ile ninywe mimi. Nilikunywa. Haikuwa mbaya.

Siku nyingine mwenzetu alisaga tembe vibaya, mpira ukaziba, naye akaenda kununua soda ya kuuzibulia. Sista Wambui alimkuta amefungua chupa. "Weh! Hii ni mpira ya mtoto, si sinki ya jikoni." Dawa ilikuwa maji ya uvuguvugu na subira, na tembe kusagwa hadi ziwe vumbi, kila dawa peke yake, maji kabla na maji baada. Ile soda tuligawana.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikubali kuandika.

Mwende alikuwa msichana wa miaka minne aliyeletwa na nimonia kali. Mama yake alifanya kazi za nyumbani katika nyumba moja Lavington, na kwao ni upande wa Mwingi. Mwajiri wake alimruhusu kutoka asubuhi kwa saa mbili, basi kila siku kabla ya saa nne alifika wodini akiwa ametembea kwa miguu, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho. Saa nne ndiyo ilikuwa saa ya maziwa. Alikuwa na desturi moja: hakubali mtoto wake apewe chakula kabla hakijaombewa. "Hata kama kinapita puani," alisema, "ni chakula."

Aliomba kwa Kikamba, lugha ya mama yangu. Aliposikia mimi ni Mkamba, aliacha kuniita daktari akaanza kuniita mutumia. Kwetu mutumia ni mzee anayeheshimika. Kwa Kikuyu, lugha ya kina Sista Wambui, mutumia ni mke wa mtu. Siku ya kwanza Sista alipomsikia akiniita, "Mutumia, mtoto amelalaje?" alilazimika kushika kitanda asianguke kwa kicheko. "Na bwana yako yuko wapi, Mzee?" akaniuliza. Mama Mwende alipoelezwa, alicheka akiwa amefunika mdomo kwa leso. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mtoto aingie.

Mwende alikaa kwenye mashine siku nyingi. Halafu kwa neema ya Mungu kifua kikaanza kusafika, na alasiri moja akatolewa kwenye mashine, akapumua mwenyewe kwa oksijeni kidogo ya puani. Alikuwa dhaifu, kikohozi chake hakikuwa na nguvu, na bado alilishwa kwa mpira.

Kesho yake saa nne ilifika na mama yake hajaonekana. Nilisoma namba ya puani, ilikuwa sawa. Nilipima kwa karatasi, ilikuwa sawa. Nikainua kichwa cha kitanda, nikachukua sirinji kubwa iliyotolewa kisukumio, nikaiunganisha na mpira na kumimina maziwa. Maziwa ya namna hii hayasukumwi, huteremka yenyewe, na mkono wako ndio unaoamua mwendo. Ukiushusha yanakwenda polepole, ukiupandisha yanakimbia. Nilianza vizuri, sirinji ikiwa shubiri moja juu ya paji la uso wa mtoto.

Ndipo Mama Mwende akaingia akihema. Nyumbani kwa mwajiri kulikuwa na wageni, akachelewa.

"Mutumia, mmeshaanza?"

"Ndiyo kwanza tunaanza, Mama Mwende."

"Na hamjaomba."

"Omba tu. Bado yapo mengi."

Akaomba. Siku ile hakuomba kama siku nyingine. Alikuwa amemkuta mtoto wake bila mashine mdomoni kwa mara ya kwanza, na shukrani ilimtoka kama maji yaliyokuwa yamezibwa. Alitumia maneno yale yale ambayo mama yangu alikuwa akiyatumia mbele ya chungu cha isyo, mahindi na maharagwe yetu, sisi watoto tukimezea mate. Nikafumba macho. Sikuamua kufumba, yalijifumba, kama yalivyojifumba maisha yangu yote mtu anapoomba. Na katika kanisa letu mtu akishukuru kwa moyo wote hainamishi kichwa tu, huinua mikono. Mkono wangu wa kushoto ulipanda. Ule wa kulia ukaufuata, na sirinji ilikuwa ndani yake.

Aliposema amina, nilifumbua macho. Sirinji ilikuwa tupu.

Mwende alikunja uso. Akameza kwa nguvu, tumbo likaruka, na maziwa yakamtoka mdomoni na puani. Kikohozi chake hakikutosha. Midomo ikabadilika rangi, na namba ya oksijeni kwenye kioo ikaanza kushuka mbele ya macho ya mama yake. Sista Wambui alifika kabla sijamwita. Akamlaza ubavu, akamvuta maziwa kwa mashine ya kunyonya, huku akitoa amri kwa sauti ya chini kama mtu anayeagiza chai. Daktari akaja mbio. Kabla ya saa sita mtoto alikuwa amerudishwa kwenye mashine.

Wanangu, sikilizeni jinsi ambavyo mtu hufunguliwa milango ya kutorokea. Daktari aliniambia kwa wema, "Watoto hutapika wakitolewa kwenye mashine, Mzee. Hutokea." Huo ulikuwa mlango wa kwanza. Chati ilikuwa na kisanduku cha kuandika maziwa yamechukua dakika ngapi, na kwa kawaida yalichukua dakika ishirini. Kalamu ilikuwa mkononi. Hakuna aliyeniona, kwa kuwa mtu pekee aliyekuwa karibu alikuwa amefumba macho pia. Huo ulikuwa wa pili.

Wa tatu ulinivunja. Mama Mwende alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, viatu amevivua, na alikuwa akisema peke yake. Nilipokaribia aliniambia bila kuniangalia, "Ni mimi, mutumia. Nimeshukuru mapema. Mtoto hajapona, mimi nasherehekea. Mungu ameona ni kiburi."

Nawaambia ukweli. Nilisema tu, "Pole, Mama Mwende," nikarudi ndani. Nimewahi kusimama madhabahuni nikahubiri juu ya ukweli, na siku hiyo nilimwacha mwanamke kwenye benchi akibeba mbele ya Mungu lawama ya mkono wangu.

Sista Wambui alikuwa ameshika chati. "Mzee, hii maziwa ilienda kwa dakika ngapi?"

"Sista..."

"Sijauliza ndio nikushike. Nauliza ndio nijue kama mpira ilitoka, ama tumbo ndio ilikataa, ama nini. Matibabu si moja."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukimya wangu haukuwa wa kunilinda tu, ulikuwa unamnyima mtoto. Nikasema, "Nilifumba macho, Sista. Mama alikuwa anaomba. Na mkono ukapanda."

Nilingoja acheke, au apige kelele. Aliniwekea tu chati mezani.

"Andika hivyo."

"Niandike nini?"

"Vile umesema. Macho na mkono." Kisha akaongeza, "Huyo mama anadhani ni yeye. Nimemskia. Enda umwambie. Nitasimama hapo na wewe, lakini sitakusaidia kuongea."

Nilikwenda. Nilimwambia kwa Kikamba, ili pasiwe na neno la kujificha nyuma yake. Nilimwambia maziwa yaliingia haraka mno kwa kuwa mimi niliyekuwa nimeyashika nilifumba macho na kuinua mkono, kwamba tumbo lilizidiwa, na kwamba yaliyopanda huenda yameingia mapafuni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo Mungu hakukasirika?"

"Hakukasirika, Mama Mwende. Sala yako haikuwa na kosa. Kosa ni langu."

Akavaa viatu vyake, kimoja kisha kingine. Akasimama. "Basi usimguse mtoto wangu."

Sista Wambui alitimiza ahadi yake, hakunisaidia. Hakumbembeleza mama wala hakumweleza jinsi nilivyo mtu mwema. Alisema tu, "Ni sawa, mama. Hatamgusa," na akabadilisha zamu palepale.

Siku zilizofuata nilihudumia vitanda vingine. Siku ya pili Mwende alipata homa. Eksirei ilionyesha kivuli katika pafu la kulia. Nilikuwa nikimwona kwa mbali, na kila saa nne nilimwona mama yake, naye alipita kando yangu kama mtu anavyopita kando ya kiti. Nilifunga kula nikiomba, lakini ndani ya zamu nilikunywa uji, maana Sista aliniambia muuguzi mwenye njaa ni hatari nyingine.

Katika siku hizo hizo nilimwona Sista Wambui akifanya kazi ambayo nitaisifu hadi nizikwe. Watu wa ofisini walisoma nilichoandika, wakashuka na agizo kwamba kuanzia sasa maombi yapigwe marufuku wodini. Aliwajibu mbele yetu, kwa heshima, lakini hakusogea. "Shida si maombi. Shida ni mpangilio. Hawa wamama hawana kitu ingine ya kumfanyia mtoto hapa ndani. Mkiwanyima hiyo, watasimama tu kama mizigo." Kisha akatuita sote mezani, akajaza sirinji maji, akaweka saa ya simu. Aliishika shubiri moja juu ya beseni. Maji yakashuka taratibu, tukapiga gumzo hadi yakaisha. Akaijaza tena, akainua mkono kama mtu aliye kanisani. Hatukumaliza hata sentensi mbili.

"Mmeona? Sasa kila mtu ajaribu na mkono yake."

Tulijaribu wote, hata daktari. Hakutaja jina langu, na kila mmoja alijua. Mwishowe akaweka utaratibu: kwanza sala, sirinji ikiwa bado mezani. Ikisemwa amina ndipo maziwa humiminwa. Aliyeshika sirinji haongei na mtu, hapokei simu, na macho yake hayatoki kwa mtoto. Mama akichelewa na maziwa yameanza, mpira unabanwa, sirinji inawekwa chini, anaomba, kisha tunaendelea. "Na wewe Mzee," akanigeukia, "Bwana alituambia tukeshe na tuombe. Kukesha ilitajwa kwanza, ama niko na makosa?"

Hakuwa na makosa. Nilikuwa nimelisoma neno hilo tangu utotoni, na ilibidi msichana wa Riruta anifundishe maana yake juu ya beseni la maji.

Homa ilishuka siku ya tano. Siku ya nane Mwende alitolewa tena kwenye mashine, na mara hii hakuna aliyeshangilia. Tulisimama tukihesabu pumzi zake. Usiku ukapita, kukacha akiwa bado anapumua mwenyewe.

Saa nne nilikuwa kitanda cha jirani nikibadilisha shuka. Mwenzangu alikuwa tayari ameandaa maziwa ya Mwende. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mutumia."

Sikuwa nimeitwa hivyo kwa siku tisa. Nikageuka.

"Kuja ushike wewe," Mama Mwende akasema.

Sikusogea. "Mama Mwende, una hakika? Huyu dada anaweza vizuri sana."

"Anaweza. Lakini wewe ndiye unajua vile inaharibika."

Nilimtazama Sista Wambui. Aliinua mabega tu, kama kusema wodi si yake, ni ya huyo mama. Nikanawa mikono. Nikasoma namba, tukaisoma wawili. Nikapima kwa karatasi. Nikaacha sirinji mezani, nikangoja sala.

Mama Mwende hakufumba macho. Alikuwa ananitazama vidole. Aliomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia, akimwita Bwana kwa Kikamba: "Mwiai, uangalie huu mkono. Amina."

Nikamimina. Maziwa yalichukua dakika ishirini na mbili, na katika dakika hizo macho yangu hayakutoka kwa mtoto. Mwende alilala muda wote. Wiki iliyofuata alihamia wodi ya kawaida bila mpira wowote puani, na huko nikaambiwa amekataa uji wa hospitali, anadai chapati.

Nawe kijana uliyesoma hadi hapa, Mungu akutangulie uingiapo zamu na akusindikize utokapo. Akupe kiongozi asiyeogopa kukuambia amekosea, na akupe moyo wa kumpokea akiwa mdogo kuliko wewe. Watoto watakaopita mbele yako wapate kwako usingizi salama, na mama zao wapate kwako neno la kweli. Amani ya Bwana ikae nawe, nyumbani kwako na kazini kwako.